Kurudisha Msitu wa Mikoko: Maji Kwanza, Miche Baadaye

Kabla kikundi hakijaokota hata mbegu moja, kiende kikaangalie maji. Yanaingia wapi, yanatokea wapi, siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yanapanda hadi kimo gani, na siku za maji mafu (maji madogo ya katikati yake) yanaishia wapi. Mahali ambapo maji huingia na kutoka vizuri, na miti mizazi iko karibu, mikoko hujiotea yenyewe. Kwa hiyo mahali palipobaki peupe miaka mitano au kumi pana kitu kinachopazuia, na kitu hicho ndicho kazi yenu ya kwanza. Miche elfu kumi haitakiondoa.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya vijiji vya pwani, toka Lamu hadi Mtwara na visiwani. Majina ya miti hubadilika kidogo toka kijiji hadi kijiji (muia wa wengine ni msinzi wa wenzao), basi kubalianeni kwanza na wavuvi na wakata boriti wa kwenu. Humu "mikoko" ni miti yote ya msitu huu, na "mkoko" ni aina moja tu kati yake, kama mchu, mliana, muia na mkandaa.

Msitu uliuliwa na nini

Mahali palipokufa mikoko huacha ushahidi. Ukikuta visiki vya shoka na chini yake miche inachipua kwa wingi, msitu umeshaanza kurudi. Hapo msipande, lindeni tu. Ukikuta visiki na hakuna mche hata mmoja, tafuta kilichoziba maji kati ya hapo na bahari: tuta la barabara lisilo na kalavati, kingo za mashamba ya chumvi yaliyoachwa, au mchanga ulioshushwa na mafuriko.

Miti iliyokufa ikiwa imesimama, bila alama ya panga wala shoka, karibu kila mara inasema kwamba maji yameharibika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori (mkono wa bahari) ya Mwache, Mombasa. Udongo huo ukafunika mizizi ya kupumulia, na mamia ya hekta zikakauka zikiwa wima. Mizizi hiyo ndiyo pua ya mti. Ya mchu hutokeza juu ya tope kama penseli, ya mliana hunenepa kama pembe, ya muia hujikunja kama goti. Ikizikwa, mti hukosa hewa hata kama maji na jua vipo tele.

Maji yakishapwa, chimba shimo la kina cha sentimita 30, ungoje lijae maji kutoka pembeni. Tope la mikoko hunuka kidogo kila mahali, lakini likinuka yai viza kwa ukali na maji yake yakawa meusi, ujue hapo maji yanaingia bila kutoka. Juu ya ardhi pakiwa na utando mweupe unaokatika ukiukanyaga, maji hayafiki mara kwa mara na chumvi inajilimbikiza. Chombo kidogo cha kupimia chumvi, refraktomita, kinasaidia sana hapa: maji ya bahari ya kawaida yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Maji ya shimo yakipita 60, mkoko hautamea, na mchu wenyewe utabaki kichaka cha kimo cha goti.

Kuna na mahali ambapo hapajawahi kuwa na mikoko, na hapo ndipo nguvu nyingi za watu hupotea. Fungu la tope mbele ya msitu huonekana tupu na halina mwenyewe, kwa hiyo wafadhili na wageni wa siku moja hupelekwa huko. Likiwa na nyasi bahari, ni malisho ya kasa na nguva, na samaki wadogo hujificha humo. Likiwa tope tupu, ndege wa pwani wanaokuja kutoka kaskazini mwa dunia hulitegemea kati ya Septemba na Aprili. Kulipanda mikoko ni kuharibu makazi ya wanyama wengine kwa ajili ya miche ambayo mwishowe itazama. Ufilipino ilipanda mamilioni ya miche kwenye mafungu ya namna hiyo, na sehemu kubwa ikafa. Hapo msipande kabisa, hata mgeni akija na fedha mkononi.

Kupima kimo cha ardhi

Tofauti ya kimo ya sentimita 20 tu inatosha kuua shamba zima, na jicho haliwezi kuiona. Njia rahisi haina gharama. Kata fito sita za mita 2, uzipake chaki au chokaa nyepesi toka juu hadi chini. Siku tulivu ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, simika fito tatu ndani ya msitu mzima ulio karibu: moja kwenye mti wa mwisho upande wa bahari, moja katikati, moja kwenye mti wa mwisho upande wa nchi kavu. Tatu nyingine zisimike mahali mnapotaka kupanda. Maji yakijaa yataosha chaki hadi yalipofika. Rudini maji yakipwa, mpime kwa futi kamba toka ardhini hadi alama. Eneo lenu likipata kina kilekile cha msituni, kimo kinafaa. Likipata kina kikubwa kuliko cha mti wa mwisho upande wa bahari, liko chini mno. Fito ikibaki na chaki yote, liko juu mno, au maji yamezuiwa njiani.

Penye upepo na mawimbi madogo chaki hudanganya. Tumieni mpira mwangavu wa mita 20 uliojazwa maji, kama mafundi ujenzi wanavyosawazisha msingi, na hakikisheni hakuna povu la hewa ndani yake. Povu moja tu hupotosha kipimo, na mtachimba mfereji usiopitisha maji.

Kufungua njia ya maji

Kwenye shamba la chumvi lililoachwa, msibomoe tuta lote. Tafuteni mahali kijito cha zamani kilipopita. Mara nyingi panajionyesha kwa tope jeusi zaidi, au kwa kijito kilichokatika ghafla upande wa pili wa tuta. Tobolea hapo. Pasu moja ya mita 2 hadi 3 mahali pake hufanya kazi kuliko matundu kumi yaliyobahatishwa. Sakafu ya pasu iwe sawa na sakafu ya kijito cha nje. Ikiwa juu, maji ya bamvua yataingia na kutuama ndani, yachemke kwa jua, na miche ife kwa joto na chumvi.

Mfereji ufuate mikunjo ya zamani. Ukinyooshwa kama mtaro wa barabara, maji hutoka kwa kasi na kula kingo. Udongo mliochimba msiurundike kando ya mfereji mzima, maana rundo hilo ni tuta jingine. Utawanyeni, au acheni mapengo kila mita 5. Chini ya barabara kazi ni ya kalavati na mhandisi wa halmashauri au wa kaunti. Kikundi kipeleke ramani ya mkono, picha za maji kujaa na kupwa, na ombi la maandishi.

Baada ya hapo, ngojeni msimu mmoja wa mbegu. Watu huchukia hatua hii kwa sababu inaonekana kama uvivu. Lakini huko Florida, Marekani, mwanaikolojia Robin Lewis alisimamia kurudishwa kwa mamia ya hekta pale West Lake kwa kurekebisha kimo cha ardhi na mikondo ya maji, na mikoko ikajiotea bila kupandwa kwa mkono. Mnaweza kuyasaidia maji: okoteni mbegu zilizokwama pwani, mzimwage mdomoni mwa pasu maji yanapoanza kujaa. Msimu ukiisha, hesabuni miche katika viwanja vya mita 10 kwa 10. Wastani ukifika miche 25 yenye afya kwa kiwanja, yaani 2,500 kwa hekta, kupanda hakuhitajiki. Pakipungua, pandeni kwenye mapengo tu.

Mti gani, mahali gani

Kutoka baharini kuja nchi kavu, mliana husimama mbele, unazama kila siku. Nyuma yake mkoko, kwenye tope laini. Kisha muia, kisha mkandaa kwenye ardhi ngumu zaidi ifikiwayo na bamvua. Mchu huvumilia chumvi kuliko yote, kwa hiyo hushika nyuma kabisa kwenye majangwa ya chumvi, na sehemu nyingine hutokea tena mbele kabisa. Kikandaa hukaa ukingo wa nchi kavu. Mkomafi hupenda kando ya mito, na msikundazi hutaka maji yasiyo na chumvi yanayoshuka toka bara.

Vikundi hupenda mkoko kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika, matokeo yake mkoko hupandwa mahali pa mchu na pa mliana. Tembea mstari mmoja ndani ya msitu mzima, uandike kila mti na umbali wake kutoka majini, halafu upande kwa kuiga mstari huo. Msitu wa aina moja ni makazi finyu. Kima punju wa Jozani na Uzi huko Zanzibar, kwa mfano, hula majani ya mikoko, na ndege na kaa kila mmoja ana mti wake.

Mbegu

Mbegu ya mkoko huota ingali mtini. Juu pana tunda la kahawia kama pea ndogo, na chini yake unaning'inia mche wa kijani wenye vipele, urefu kama mkono toka kiwiko hadi vidoleni. Tazama pale tunda linapokutana na mche. Kama kijani kimegusana moja kwa moja na tunda, bado. Ikikomaa, hapo katikati hutokeza shingo ya rangi ya manjano hafifu, na ukiigusa mbegu huachia yenyewe. Usivute. Ukivuta mbegu changa, kichwa cha mche kinabaki ndani ya tunda, na unachopanda ni kijiti kisicho na chipukizi. Hakitatoa jani hata ukingoje mwaka.

Chagua zilizonyooka, zisizo na vitundu vidogo vya wadudu, ambazo ncha ya juu ni kali na nzima. Beba ndani ya gunia lililoloweshwa, kivulini. Mfuko wa plastiki juani huzipika ndani ya saa chache. Mbegu za mkoko na mkandaa huvumilia wiki moja hadi mbili kivulini. Za mchu, zile bapa kama dengu kubwa, hufa haraka. Zilowekwe usiku mmoja ganda litoke, zipandwe kitaluni ndani ya siku mbili tatu. Tunda la mliana lina mbegu ndogo nyingi: liloweke kwenye ndoo mpaka lioze, lifikiche, uchekeche mbegu na kuzimwaga kitaluni. Kazi yake ni ya subira, na ndiyo sababu mliana hauonekani katika vitalu vingi ingawa mbele ya bahari hakuna mti wa badala yake.

Kupanda moja kwa moja au kupitia kitalu

Mkoko, muia na mkandaa hupandwa moja kwa moja. Zamisha theluthi ya mbegu: sentimita 15 kwa mbegu ya 45, sentimita 6 au 7 kwa mkandaa. Ncha yenye chipukizi iwe juu. Siku za watu wengi hukosi mbegu zilizopandwa kichwa chini, basi kila watu kumi wawe na msimamizi mmoja. Kwenye tope gumu toboa kwanza kwa kijiti, kisha ubane udongo kwa vidole, kwani pakibaki tundu maji huizungusha mbegu mpaka itoke.

Mchu na mliana huhitaji kitalu, na pia mkoko unaopelekwa mahali penye kaa wengi au mawimbi. Weka kitalu panapofikiwa na bamvua na kuachwa na maji mafu. Tuta liwe na upana wa mita 1 ili mikono ifike katikati, na njia ya nusu mita. Viriba vya sentimita 10 kwa 15 (vikipimwa vingali bapa) vitobolewe chini na ubavuni, vijazwe tope la msituni. Likiwa zito mno, changanya mchanga sehemu 1 kwa tope sehemu 3. Mita 1 ya mraba huchukua viriba kama 200. Ezeka makuti yenye kupitisha nusu ya jua. Siku za maji mafu mwagilia kwa maji ya hori asubuhi na jioni, na baada ya mvua kubwa palilia magugu ya nchi kavu yanayojiingiza.

Mwezi mmoja kabla ya kuhamisha, punguza makuti kidogo kidogo hadi kitalu kibaki wazi. Miche iliyotoka kivulini moja kwa moja kwenda juani huungua majani ndani ya wiki. Mchu ukifika sentimita 30 uko tayari, kwa kawaida miezi 3 au 4. Mkoko uwe na jozi mbili au tatu za majani. Usiungoje ufike mita, mzizi utakuwa umejizungusha ndani ya kiriba. Siku ya kupanda kila mtu arudi na viriba vyake mkononi, vihesabiwe; plastiki iliyoachwa topeni huishia baharini, na kasa huila.

Siku na saa

Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi alasiri na kuendelea. Hiyo ndiyo nafasi ya kupima na kuchimba. Kwa kupanda sehemu za chini, ngojeni bamvua ianze kulegea, mbegu zipate siku kadhaa za maji ya polepole kabla ya bamvua inayofuata. Kwa sehemu za juu za mkandaa na mchu fanyeni kinyume: pandeni bamvua inapoanza, ardhi ipate kulowa siku kadhaa mfululizo. Masika ni bora kwa sehemu za juu kwa sababu mvua huosha chumvi.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 hula miche 10,000 kwa hekta, ya mita 2 kwa 2 hula 2,500. Mita 1 inafaa penye mawimbi, ambapo vifo vinatarajiwa na miche hukingana. Kwingine mita 2 inatosha, na mapengo hujazwa na mbegu zinazokuja na maji. Miche iliyobanana hupendeza mwaka wa kwanza tu. Baadaye hukonda na kurefuka bila unene.

Kinachoua miche

Kaa wa mikoko hukata mbegu changa usiku. Acha mbegu zinyauke kidogo kivulini siku 7 hadi 10, hazitamvutia sana, au panda miche ya kitaluni iliyokomaa shina. Msiwaue kaa: matundu yao hupeleka hewa mizizini, na majani wanayoyazika ndiyo mbolea. Mwani ukija kwa wingi hujifunga kwenye miche na kuilaza. Uondoeni kwa mkono kila bamvua kwa miezi mitatu ya kwanza. Vile vikombe vigumu vyeupe vinavyogandia mashua hugandia na mashina, na vikijaa ni dalili kwamba miche inazama muda mrefu mno. Kuvikwangua hujeruhi gome. Dawa ni kuhama juu zaidi.

Mbuzi na ng'ombe hupenda mchu. Hapa uzio wa miiba hauna maana kama wafugaji hawakuitwa kwenye kikao cha kwanza.

Ulinzi na daftari

Mikoko ni mali ya umma chini ya sheria. Kenya zungumzeni na Huduma ya Misitu (KFS) na mjisajili kama jumuiya ya misitu. Tanzania bara ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na serikali ya kijiji. Zanzibar anzieni kwa sheha na Idara ya Misitu. Hata kuchimba mfereji kunataka kibali.

Fito, pau na boriti zitaendelea kuhitajika, kwa hiyo kila msitu unaolindwa uwe na shamba la kuni na nguzo nyuma ya kijiji. Mvinje humea kwenye mchanga na hutoa nguzo nyembamba baada ya miaka michache. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kwa hekta 117 na kuuza hewa ukaa (yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu huihifadhi), ulipanda mivinje sambamba na mikoko, na fedha zikaenda kwenye maji na shule. Soko la hewa ukaa ni la msitu uliokwishapimwa na kulindwa, kwa hiyo lisiwe hesabu ya mwaka wa kwanza. Mizinga ya nyuki huleta kipato mapema zaidi. Itundikwe mita 1.5 juu ya alama ya bamvua kubwa.

Miti iliyokufa kwa umri iacheni, hata iliyoanguka. Mdiria hutua hapo kuvizia samaki, na kaa na kamba hujificha chini ya magogo.

Hesabuni miche baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka hadi wa tano, katika viwanja vilevile vilivyowekewa vigingi. Vifo vikipita nusu katika miezi 6, msijazie. Rudieni kipimo cha chaki kwanza. Pamoja na miche, hesabuni matundu ya kaa ndani ya fremu ya mita 1 kwa 1, mara tano kila kiwanja, na ndege wote waonekanao kwa dakika 20 maji yakianza kupwa. Andikeni tarehe, saa, hali ya maji na jina la aliyehesabu, na daftari liwe na nakala ya pili nyumbani kwa mtu mwingine.